Kuwapa wakazi taarifa reli inapoboreshwa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Anayeishi kando ya reli ameshazoea treni. Kinachomwamsha kwa hasira ni mashine asiyoijua inayonguruma nyuma ya dirisha lake saa nane usiku, na hakuna aliyemwambia ni ya nini, itaondoka saa ngapi, wala kama kesho kivuko kitakuwa wazi mtoto apite kwenda shule. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi ya kumjibu kabla hajauliza, awe afisa jamii wa mradi, msimamizi wa upande wa mkandarasi au kiongozi wa mtaa. Hatua zote zinasimama juu ya kanuni moja: taarifa ifuate ratiba ya kazi, usiku kwa usiku, nyumba kwa nyumba. Kipeperushi kinachosema mradi umefikia asilimia fulani hakimsaidii mama mwenye mtoto mchanga. Anachohitaji ni kujua kelele za leo zitakwisha saa ngapi.

Hatua ya 1: Tembea njia yote kwa miguu

Usiandike chochote kabla ya hapo. Pita pande zote mbili za reli, mara mbili: asubuhi watoto wakienda shule, kisha usiku. Ongozana na fundi wa njia na mkazi mmoja wa muda mrefu. Andika kila shule, zahanati, nyumba ya ibada, nyumba yenye mgonjwa wa kulala kitandani, na kila nyumba ya anayefanya kazi zamu ya usiku. Huyu wa mwisho husahaulika sana; yeye hulala mchana, na kazi za mchana zinamgonga yeye kuliko jirani yake.

Tafuta hasa vijia visivyo rasmi. Utavitambua kwa nyasi zilizolala na uzio uliokunjwa kwa chini. Ramani ya mradi haina vijia hivyo, lakini watu huvuka hapo kila siku, na ndipo pa kuweka bango la kwanza.

Wahandisi hutaja mahali kwa kilomita. 12+400 maana yake ni mita 400 baada ya kilomita ya 12. Hakuna mkazi anayejua nyumba yake iko 12+400. Kwa hiyo tengeneza jedwali la safu mbili: kushoto kilomita, kulia jina ambalo watu wenyewe hulitumia, kama nyuma ya shule, kwenye kalvati kubwa, kona ya zahanati. Mahali pakiwa na majina mawili, andika yote mawili. Nakala moja ya jedwali ikae kwa anayepokea simu, maana yeye hulisoma kinyume: anayepiga atasema "hapa kwenye kalvati", naye anatakiwa amtajie mhandisi kilomita ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 2: Pata ratiba kutoka kwa anayefanya kazi

Omba kwa mhandisi wa eneo ratiba ya wiki tatu mbele, na ipya kila wiki siku ileile. Kwa kila kazi ulize: wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, mashine gani, nini kitafungwa, na nini kinaweza kuiahirisha. Jibu la swali la mwisho ndilo litakalokuokoa. Mvua kubwa, mashine kuharibika, treni ya mizigo kuchelewa na njia isifungwe kwa wakati, au joto la reli. Reli ya chuma yenye urefu wa kilomita 1 isiyokazwa chini hurefuka karibu milimita 12 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Tofauti ya nyuzi 30 ni takriban sentimita 36. Ndiyo maana reli ndefu zilizounganishwa lazima zikazwe zikiwa katika kiwango maalumu cha joto, na jua likizidi kazi husogezwa.

Usitoe taarifa ya kazi usiyoielewa. Hizi ndizo zinazosikika au kuonekana zaidi mtaani.

Kubadilisha mataruma (mihimili inayobeba reli) na kokoto huleta vumbi, milio ya mashine zinazorudi nyuma, na honi za kuwaonya mafundi treni inapokaribia kwenye njia ya pili. Waambie watu mapema kwamba honi hiyo hulinda uhai na haitapunguzwa. Ukiahidi kuipunguza umedanganya.

Mashine ya kushindilia kokoto huteremsha vidole vya chuma pande zote mbili za taruma, vikatikisika takriban mara 35 kwa sekunde huku vikibana kokoto chini yake. Mbele ya nyumba moja hupita kwa dakika chache, kisha hurudi kwa mzunguko mwingine. Ukiandika "itapita" bila kuandika "itarudi", simu zitaanza inaporudi.

Kuunganisha reli kwa thermiti ni kuchoma mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma hadi upatikane chuma kilichoyeyuka, kwa joto linalopita nyuzi 2,000. Mwanga wake ni mkali na moshi ni mweupe. Kusaga uso wa reli nako hurusha cheche nyingi. Vyote viwili vikifanyika usiku huonekana kama moto, kwa hiyo kikosi cha zimamoto kiarifiwe kwa simu siku hiyohiyo, hata kama kilishapelekewa barua.

Kupigilia nguzo za msingi kwa ajili ya daraja hutikisa ardhi. Mwili wa binadamu huhisi mtikisiko wa karibu milimita 0.3 kwa sekunde, na nyufa za juujuu kwenye nyumba imara hutarajiwa kwenye viwango vinavyozidi hicho mara kumi au zaidi. Hata hivyo mwenye nyumba akihisi kitanda kinatetemeka atakwenda kuangalia ukuta, na kwa mara ya kwanza ataona ufa uliokuwapo miaka kumi. Dawa ni kupiga picha kabla. Ingia kila nyumba iliyo ndani ya eneo alilolichora mhandisi, weka rula kando ya kila ufa, piga picha yenye tarehe, na kwa penseli chora mstari mdogo kwenye ncha ya ufa pamoja na tarehe. Mwenye nyumba atie saini nakala mbili, moja abaki nayo. Ufa ukirefuka, mstari wa penseli utawaonyesha wote wawili. Nyumba za udongo na zisizo na msingi ziorodheshwe peke yake, kwani huumia mapema, na mhandisi ajulishwe kabla ya kuchagua mashine.

Hatua ya 3: Amua nani aambiwe

Kelele ya mashine iliyosimama mahali pamoja, kwenye eneo la wazi, hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu. Mashine inayofikisha desibeli 85 ukiwa mita 10 bado ni karibu 67 ukiwa mita 80. Hiyo ni zaidi ya mazungumzo ya kawaida, tena saa ambayo mtaa mzima umelala. Kwa kazi za mchana anza na mita 100 kila upande, na kwa za usiku mita 300. Kwa kupigilia nguzo muulize mhandisi. Halafu ongeza watu ambao makazi yao hayamo kwenye duara lolote lakini hupita hapo: wazazi wa shule, wafanyabiashara, madereva, wenye mifugo, gari la wagonjwa, gari la taka.

Hatua ya 4: Andika taarifa isiyoweza kusomwa vibaya

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na mengi ni ya saa na siku.

Ratiba ya mhandisi itakuja na 22:00 hadi 04:00, au kwa mazungumzo ya Kiingereza itatajwa "10". Mwandishi aliyechoka huandika "saa 10 usiku". Kwa Kiswahili hiyo ni alfajiri, na kosa ni la saa sita nzima. Andika saa kwa namna zote mbili, kila mara: saa 4 usiku (22:00) hadi saa 10 alfajiri (04:00). Kisha mpe mtu asiyejua ratiba aisome kwa sauti na akuonyeshe kwenye saa ya ukutani.

Kosa la pili ni "usiku wa Jumamosi". Kuna wanaoelewa usiku unaoanza Jumamosi jioni, na kuna wanaoelewa usiku wa kuamkia Jumamosi. Wote wanasema Kiswahili sahihi. Andika siku mbili na tarehe mbili: usiku wa Ijumaa tarehe 14 kuamkia Jumamosi tarehe 15. Usifupishe hata nafasi ikikubana.

Kipeperushi kiwe ukurasa mmoja wa A5, herufi zisipungue ukubwa wa 12. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: juu kabisa, siku na saa, chini yake, mahali kwa jina la mtaani, kisha atakachosikia au kuona, kisha kilichofungwa na njia mbadala, kisha sentensi mbili za sababu, mwisho namba ya simu inayopokelewa usiku huo. Nembo na majina ya wakubwa yakae chini kwa herufi ndogo. Kwenye kona weka "Toleo la 1" na tarehe ya kuchapishwa.

Sababu ya kufanya kazi usiku ielezwe kwa hesabu, maana "kwa sababu za kiufundi" huonekana kama dharau. Mfano: njia hufungwa saa sita tu, treni zinapokuwa hazipiti. Kuzima umeme na kuthibitisha haupo, kuweka walinzi, kuingiza mashine, kisha kutoa kila kifaa na kukagua njia kabla ya treni ya kwanza huchukua karibu saa mbili. Zinabaki saa nne za kazi. Mtu akiona hesabu hiyo anaelewa kwa nini hamwezi kuacha usiku wa manane, hata kama hajafurahi.

Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Huu unatosha na unabakiza nafasi ya namba ya simu:

RELI: Kazi ya usiku Ijumaa 14 kuamkia Jumamosi 15, saa 4 usiku (22:00) hadi saa 10 alfajiri (04:00). Kivuko cha sokoni kimefungwa. Kelele.

Neno la kwanza liwe lilelile kila mara ili watu walitambue. Usiweke kiungo cha intaneti. Wengi hawatakifungua, na wengine watadhani ni utapeli.

Hatua ya 5: Sambaza kwa mpigo, na kwa mpangilio

Wiki tatu kabla, wajulishe viongozi wa mtaa, shule na vituo vya afya kwa barua na simu. Siku 14 kabla, kipeperushi mlango kwa mlango; chapisha idadi ya nyumba na asilimia 15 ya ziada, kwani kuna nyumba zenye familia tatu. Siku 3 kabla, ujumbe wa simu na mabango ya A3 yaliyofunikwa plastiki, kwenye kimo cha macho. Siku yenyewe, ujumbe mwingine kabla ya saa 10 jioni. Asubuhi yake, ujumbe mmoja wa mstari mmoja: kazi imekwisha, kivuko kiko wazi. Huo wa mwisho wengi huuacha, nao ndio unaowafanya watu waamini unaofuata.

Anayegawa vipeperushi awe na karatasi ya kuweka alama: nyumba, amekabidhiwa nani, au ameacha mlangoni. Nyumba ambayo hakuna aliyefungua irudiwe jioni.

Kundi la WhatsApp lifungwe ili wasimamizi pekee watume. Likiachwa wazi, taarifa ya saa 4 usiku itazikwa chini ya salamu na matangazo ya biashara. Gari la vipaza sauti lisimame kila njia panda, liseme maneno ya sekunde 30 mara mbili, likiwa limesimama. Likitangaza huku linatembea kila mtu husikia nusu. Lisipite wakati wa ibada. Kwa wasiosoma tumia picha tatu: mashine, saa, kivuko kilichopigwa alama ya mkato. Kwa wasiosikia ni kwenda mlangoni; hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 6: Kivuko kinapofungwa

Kibao cha njia mbadala hakiwekwi kwenye kivuko. Huwekwa kwenye njia panda ambapo dereva bado anaweza kugeuza, siku 14 kabla. Kwa waenda kwa miguu, andika dakika pamoja na mita. Mzunguko wa kilomita 1.2 ni dakika 18 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, lakini mzee au mwenye mtoto mgongoni atatumia dakika 24 au zaidi. Utembee mwenyewe na mtu anayetumia kiti cha magurudumu kabla ya kuchapisha. Kama kuna ngazi katikati, hiyo si njia mbadala kwake, na mradi unatakiwa kuleta usafiri. Gari la wagonjwa lipewe njia yake kwa maandishi, nalo lithibitishe limepokea.

Hatua ya 7: Mkutano

Fanya miwili kwa kazi moja, mmoja mchana na mmoja jioni, la sivyo utakutana na watu walewale. Anayejibu awe mhandisi wa eneo. Leta kipande cha reli, kibanio chake, na kokoto za kushika mkononi. Mtu akihisi uzito wa kipande kifupi cha reli, mkiwaambia mita moja ina kilo 60 hawatauliza tena kwa nini inahitaji mashine. Maswali yaandikwe kwenye karatasi kubwa mbele ya wote, kila moja na tarehe ya jibu. Masuala ya fidia ya ardhi yapewe mtu mwingine na siku nyingine. Yakichanganywa na ratiba ya kelele, hakuna litakaloeleweka, na utajikuta umeahidi usichokuwa na mamlaka nacho.

Hatua ya 8: Simu na daftari

Namba moja, na inapokelewa saa zote ambazo mashine zinafanya kazi. Namba inayolia bila kupokelewa saa nane usiku ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Kila simu iingie daftarini: tarehe, saa, mahali, tatizo kwa maneno ya mpigaji, nani analishughulikia, lini atarudishiwa jibu. Jibu la kwanza ndani ya saa 24, hata kama ni "bado tunafuatilia, nitakupigia Jumatano". Kisha Jumatano piga.

Dharura zina mlango wao. Mtoto kwenye njia, ng'ombe, gari lililokwama kivukoni, geti lisilofunga: hizo ziende moja kwa moja kwenye chumba cha kuongozea treni, kwani huko ndiko wanakoweza kuisimamisha. Treni yenye mwendo mkubwa huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kusimama. Nchini Marekani vivuko vya reli na barabara huwa na kibao cha bluu chenye simu ya dharura na namba ya pekee ya kivuko. Ni mfano wa kuigwa: mpigaji mwenye hofu hahitaji kueleza yuko wapi, anasoma namba tu.

Hatua ya 9: Ratiba ikibadilika

Itabadilika. Toa taarifa ndani ya saa 2 tangu uamuzi ufanyike, hata kama tarehe mpya haijajulikana: "kazi ya leo imeahirishwa, tarehe mpya kesho saa 6 mchana". Kipeperushi kipya kiwe na rangi nyingine ya karatasi na maneno "Toleo la 2, linafuta Toleo la 1". Mabango ya zamani yaondolewe siku hiyohiyo. Bango moja lililosahaulika huvuruga kazi ya wiki nzima, kwa sababu mtu anayeona tarehe mbili huchagua kutoamini yoyote.

Tarehe ya kufunguliwa kwa mradi mzima usiichapishe kwenye mabango ya kudumu. Njia ya treni ya Elizabeth ya London ilipangiwa kufunguliwa Desemba 2018. Agosti 31 mwaka huohuo ikatangazwa kwamba itachelewa, na sehemu yake ya katikati ilifunguliwa Mei 24, 2022. Andika hatua inayofuata tu, ile ambayo mhandisi yuko tayari kuitia saini.

Hatua ya 10: Umeme, mwendo mpya na ukimya

Njia ikiwekewa nyaya za juu, siku zitakapotiwa umeme kwa mara ya kwanza ndiyo taarifa kubwa kuliko zote. Reli nyingi kuu hutumia volti 25,000, na umeme huo huruka hewani bila mtu kugusa waya. Tangaza siku 14 kabla, siku 3 kabla, na siku yenyewe, kwa ujumbe mmoja usiobadilika: kuanzia tarehe hii nyaya zina umeme saa zote, hata kama hakuna treni. Taja vitu kwa majina: ngazi, fimbo ndefu, bomba la chuma, antena, kishada, mzigo mrefu juu ya gari, kupanda juu ya behewa lililoegeshwa. Umbali wa usalama unaoandikwa kwenye kanuni za njia yenu, mara nyingi karibu mita 3, uchorwe kwa picha ya mtu mzima aliyesimama.

Baada ya kokoto mpya, treni zitapita polepole kwa muda hadi njia itulie. Waambie watu sababu, la sivyo mwendo huo wa pole watauona ndiyo hali mpya na kuuzoea. Kisha kasi itapanda. Na reli iliyounganishwa kwa thermiti haina tena ule mlio wa magurudumu kwenye maungio, mlio ambao watu walioishi hapo miaka mingi huutumia kujua treni iko karibu bila hata kugeuka. Treni inayoonekana mita 400 mbali, kwa kilomita 60 kwa saa, humpa mtu sekunde 24. Kwa kilomita 160 kwa saa humpa 9.

Hesabu hiyo usiiache kwenye karatasi. Kabla ya treni za majaribio kuanza, nenda na wakazi na walimu wa shule ya jirani hadi karibu na kile kijia cha nyasi zilizolala, msimame nje ya uzio. Mtume mtu mwenye bendera asimame mita 400 mbali, upande wa nje vilevile. Hesabu kwa sauti hadi 24, kisha hadi 9, huku mtoto mmoja akitembea kando ya uzio umbali ule wa kuvuka njia. Siku hiyohiyo uzio uzibwe, na bango lenye njia ya kuelekea kivuko halali lisimikwe palepale.